Jinsi ya Kuandika Hekaya ya Mlima wa Kwenu

1. Utazame mlima kwanza. Tuchukue mfano wa Kilimanjaro: ukiwa Moshi, toka nje alfajiri kabla mawingu hayajashuka. Kushoto utaona Kibo, mita 5,895, kichwa cha mviringo chenye barafu. Kulia Mawenzi, mita 5,149, kilele kilichomeguka-meguka. Chora maumbo hayo kwenye daftari, maana hekaya yote imesimama juu ya tofauti hiyo.

2. Mwendee mzee. Shikamoo, habari za nyumbani, kisha ueleze shida yako. Usiulize "asili ya mlima ni nini?" Uliza, "Babu, Mawenzi alipigwa na nani?" Swali la namna hiyo humfungua msimulizi. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kuomba kaa kwa Kibo. Kibo akampa, akamwongezea na ndizi zilizopondwa. Mawenzi akanogewa. Akawa anauzima moto makusudi ili arudi tena na tena, hata Kibo akachoka, akashika mchi, akamtwanga kichwani. Ndiyo maana kilele chake kimevunjika.

3. Shika vitu, usishike mkasa peke yake. Kaa, ndizi, mchi: hekaya hii imetoka jikoni, kwa watu walioombana moto nyumba kwa nyumba. Majina ya vitu hivyo yaandike kwa Kichagga kama yalivyotamkwa, na utaje ni Kichagga cha wapi. Kirombo si Kimachame.

4. Simulizi zikipishana, ziandike zote. Usiziunganishe ziwe moja.

5. Sasa ndipo ufungue kitabu cha jiolojia. Kilimanjaro ni volkano tatu: Shira, Kibo na Mawenzi. Mawenzi ilizimika kabisa, na mmomonyoko ukaikwangua kwa maelfu na maelfu ya miaka. Kibo imelala tu. Kreta yake bado hutoa gesi. Linganisha na hekaya: moto wa Mawenzi ulizimika, wa Kibo ukabaki. Mimi hapo husisimka kila mara. Hata hivyo, usiandike kwamba wahenga walijua habari za volkano, kwa sababu ushahidi huo huna. Weka maelezo mawili bega kwa bega, msomaji ayaone.

6. Mrudie mzee, umsomee ulichoandika. Akikukosoa, sahihisha palepale mbele yake, kisha mwachie nakala. Kama kwenu kuna mlima, jiwe au ziwa lenye hekaya, nenda wiki hii, mzee angali anasimulia.