Hamu ya Masomo na Zawadi

Ndugu wanafunzi, nanyi mliokwisha kuondoka shuleni, neno hili mmelisikia: "Mimi sina hamu ya hesabu." Mtu hulisema kama asemavyo kuwa hana viatu, kana kwamba hamu iligawiwa siku ambayo yeye hakuwapo. Na wazazi wengi hudhani dawa yake ni kuahidi zawadi.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa sekondari, katika shule nyingine, mwalimu wetu alitangaza zawadi kwa atakayesoma vitabu vingi kupita wenzake muhula ule. Kesho yake vitabu vyembamba vyote vilikwisha kabatini! Nami nilivisoma kumi na vitatu, wala sikumbuki hata kimoja. Kabla ya hapo nilikuwa nikisoma habari za mabaharia kwa kupenda tu. Muhula uliofuata hapakuwa na zawadi, nami sikuligusa kabati lile. Nilidhani nimekuwa mvivu.

Baadaye nilisoma habari za jaribio ambalo Lepper, Greene na Nisbett wa Marekani walilitangaza mwaka 1973. Walichagua watoto wadogo, wa miaka 3 hadi 5, waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa hati yenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu kama watachora. La pili lilipewa hati ile ile bila kuitazamia. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili watoto waliachwa wacheze wapendavyo. Wale walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa bila kutazamia hawakupungukiwa na hamu. Basi si hati iliyoharibu, bali yale mapatano: mchezo uligeuka kibarua, na kibarua kikiisha mtu huweka jembe chini.

Sisemi zawadi zote zifutwe. Asiyependa somo hata kidogo hana hamu ya kupoteza, na huenda zawadi ikamfikisha mlangoni.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kuingoja hamu ije ndipo uanze. Mara nyingi huja nyuma ya kazi, mtu aonapo kwamba ameweza jambo ambalo jana lilimshinda. Rafiki yangu aliyelisema neno lile la hesabu alirudi kwenye sehemu na desimali za shule ya msingi, akizifanya peke yake usiku, daftari amelificha ndani ya atlasi, maana aliona haya. Wiki ya tatu alikuja kuniamsha anionyeshe jibu.