Kisu Kidogo cha Mfukoni: Tukipime Kabla ya Kukinunua



Somo letu la leo ni juu ya kitu kidogo sana, kidogo hata ukikiweka kwenye kiganja kinapotea. Tulilipata katika kikundi kimoja cha nyanya karibu na Kagio. Mama mmoja alikuwa na mazoea ambayo wengi wetu tunayo: kuvunja wembe katikati na kuufunga nusu yake kwenye pindo la leso. Siku ya soko alitia mkono kutafuta nauli, wembe ukamkata kidole. Kidonda kikaoza, akakaa wiki mbili bila kuchagua nyanya wala kufunga kreti, na mchango wake wa merigoraundi ukalala. Mkutano uliofuata wanachama wakasema: tutoe pesa za kikundi, kila mtu anunuliwe kisu kidogo cha kukunja.

Wazo ni zuri. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu, na tuliomba tupewe muda kidogo. Hata sisi tuliwahi kununua kisu kama hicho, kiking'aa kama kioo. Mwezi haukuisha, kikaanza kucheza mpinini kama jino bovu, halafu siku moja kikajifunga juu ya kidole chetu. Basi tujiulize kwanza: kisu hiki ni cha kazi gani?

Kisu chenye bapa la sentimita 3 au 4 ni cha kazi nyepesi. Kukata kamba ya kufungia nyanya kwenye miti, kufungua pakiti ya mbegu, kuchonga penseli ya mtoto, kupasua parachichi au kumenya chungwa njiani. Si cha kumenya debe la viazi, maana kinashikwa kwa vidole viwili au vitatu tu na mkono utachoka upesi. Si cha kufungulia soda wala kukazia skrubu. Ukikipinda ncha inavunjika. Na kwa gunia la mchele lililoshonwa kwa mashine, tafadhali usilipasue! Kata uzi upande mmoja, vuta, na kama ulianza upande unaofaa mshono wote utafunguka wenyewe na gunia litatumika tena. Ukikataa, jaribu upande wa pili.

Sasa tukipime. Ukiwa sokoni usimwonee muuzaji haya. Mnunuzi wa ng'ombe huangalia meno.

Kifungue, ushike mpini, usukume bapa kushoto na kulia. Likitikisika likiwa jipya, rudisha. Kisha lifunge polepole: springi yafaa kulivuta kwa nguvu mpaka mwisho, si kuliacha lining'inie. Visu vingi vidogo havina kufuli, ni hiyo springi tu inayozuia, kwa hiyo usisukume kwa ncha kamwe. Kikiwa kimefungwa, pitisha kidole kwa uangalifu juu ya mpini. Ncha isichungulie nje, la sivyo tumerudi kwa wembe wa kwenye leso.

Halafu makali. Hapa Kagio hatuhitaji mtambo wa kupimia, tuna nyanya. Chukua moja iliyoiva vizuri, weka makali juu ya ngozi yake, uvute bila kukandamiza. Kisu kikali kinaingia. Kisu butu kinateleza, au kinaiponda nyanya na utalazimika kuilipia.

Juu ya chuma tuseme wazi. Chuma kisichoshika kutu ni kile kilichochanganywa na kromiamu, angalau kama asilimia 10 na nusu. Maandishi yasemayo "stainless" yanaweza kupigwa na yeyote, hayathibitishi kitu. Chuma cha kawaida kinashika kutu ukikiacha na maji ya chungwa, lakini kinanoleka kwa urahisi. Ukikifuta kila mara kitakufaa miaka mingi. Wafaransa wametengeneza visu vya Opinel vya chuma kama hicho tangu 1890, na kile cha namba 2 kina bapa la sentimita 3 na nusu tu. Waswisi nao, kiwanda alichoanzisha Karl Elsener mwaka 1884, wana kijisu cha milimita 58 kikiwa kimefungwa, na ndani yake mna mkasi. Vinaigwa sana, kwa hiyo msinunue jina. Nunueni kile kilichoshinda kupimwa.

Kunoa: msitumie tupa, itakila kisu kidogo upesi. Jiwe laini latosha, au geuza kikombe cha kauri na utumie ule mduara mkavu wa chini. Bapa lenye upana wa sentimita 1, inua mgongo wake kama milimita 3 hivi, upitishe pande zote mbili kwa zamu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye msumari wa katikati, kisha ufute.

Jambo moja hatutaki lipite haraka. Kisu cha mfukoni ni cha kamba na matunda. Kisikate kucha za mtu, kisinyoe, na kisikaribie kitovu cha mtoto mchanga. Damu isiyoonekana kwenye makali yaweza kubeba virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini, na uchafu wa shambani waweza kuleta pepopunda. Hata nyanya zenyewe huambukizana kwa kisu: ukikata machipukizi ya mche mgonjwa, kisafishe kwa dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji kabla ya kugusa mche mwingine, kisha ukisuuze na kukikausha, maana dawa hiyo inaleta kutu.

Kile kikundi kilifanya nini? Kilinunua kisu kimoja tu, kikazungushwa kwa wanachama kwa mwezi mmoja. Akina mama wa nyanya walikisifu. Mzee mmoja alikirudisha siku ya pili: kile kibonyeo cha kufungulia kilihitaji ukucha, na kucha zake zimeisha kwa jembe. Mwingine alikipoteza kwenye majani, kikapatikana jioni, na tangu hapo kikafungwa uzi mwekundu. Mwishoni walinunua 12, si 20 kama walivyokusudia, na pesa zilizobaki zikarudi kwa sanduku.

Kazi ya mkutano ujao: kila mmoja alete kile anachokatia vitu nyumbani, hata kama ni nusu ya wembe. Viwekwe mezani, watoto wakiwa mbali. Kila mtu aeleze alikitumia kwa nini wiki iliyopita, na kama kimewahi kumkata. Katibu aandike majibu kabla pesa yoyote haijatolewa.