SOMO LA UFUNDI: PIMA KWANZA KABLA YA KUNUNUA BETRI



Kikundi kimoja cha wafugaji kule juu ya Karatina kina pikapu ya dizeli. Alfajiri hubeba maziwa, na usiku ikitokea haja hubeba mgonjwa au mama mjamzito hadi hospitali. Mwezi wa Julai, baridi ya mlima ilipokaza, pikapu ikaanza kukataa kuwaka. Watu wakasema, "Betri imekufa." Wakachanga, wakanunua mpya. Baada ya juma moja nayo ikalala. Wakanunua ya pili kwa pesa zilizowekwa za dawa ya mifugo. Ikawa yale yale! Ndipo mweka hazina akakataa kutoa hata senti.

"Fundi," akasema, "kabla hujaniambia ninunue kitu, nionyeshe ugonjwa."

"Ni haki yako, mama," fundi akajibu, akatoa mita yake. Kumbe waya mnene utokao kwenye alteneta kwenda kwenye betri ulikuwa umeshika kutu ya kijani pale unapofungwa. Dawa yake ilikuwa spana na kipande cha msasa. Betri ile ya kwanza ikachajiwa, na ikafanya kazi. Lakini pesa za dawa zilikuwa zimekwisha kwenda.

Fundisho ni hili: betri iliyoisha umeme si lazima iwe betri mbovu.

UMEME WA GARI UNAVYOFANYA KAZI

Fikiria mradi wa maji wa kijiji. Kuna pampu, kuna mabomba na kuna tangi. Betri ndiyo tangi. Alteneta ndiyo pampu, nayo huzungushwa na injini kwa fenibelti. Nyaya ndizo mabomba. Unapowasha gari, stata huchota umeme mwingi kwenye tangi. Injini ikishawaka, alteneta hulisha taa na vifaa vingine, na kurudisha kile kilichochotwa. Ndani yake kuna dayodi, ambazo huufanya umeme uende njia moja, na regyuleta, ambayo huuzuia usizidi.

Sasa, tangi likikauka, je, utanunua tangi jingine kabla ya kutazama pampu na mabomba?

HATUA ZA KUPIMA

Anza na zile zisizo na gharama.

1. Taa ya betri. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyekundu yenye picha ya betri iwake. Injini ikinguruma, izime. Ikiwa haiwaki tangu mwanzo, huenda balbu imeungua au waya umekatika, na katika magari mengi hiyo yatosha kuizuia alteneta isichaji. Ikiwa haizimi, kuchaji kuna kasoro. Usianze safari ya mbali.

2. Fenibelti. Zima injini. Bonyeza belti kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Katika magari mengi yenye belti ya kukazwa kwa mkono, ibonyee kama sentimita 1. Ikilegea itateleza na kupiga kelele asubuhi. Ikikazwa mno itaua beringi za alteneta. Ikiwa na nyufa, ibadilishe.

3. Vichwa vya betri na athi. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua upande wa hasi kwanza, kisha chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaingiza ndani ya betri. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Fuata pia waya wa athi, ule mnene unaotoka hasi kwenda kwenye bodi na injini. Usiwe umelegea wala kuliwa na kutu.

4. Betri iliyopumzika. Gari likiwa limelala usiku kucha, weka mita kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 maana yake betri imejaa. Volti 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 imeisha. Ichajiwe kwanza kabla ya kuhukumiwa.

5. Injini ikiwaka. Pima pale pale. Magari mengi ya volti 12 yataonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, ongeza mafuta kidogo. Isishuke chini ya 13.5. Ikibaki 12 na kitu, betri haipati chaji. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri itachemka hadi ikauke. Kwa magari ya siku hizi ambayo kompyuta hupunguza chaji kwa makusudi, fuata kitabu cha gari.

6. Mabomba. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, pima kwenye nati kubwa ya alteneta, halafu kwenye chanya ya betri. Tofauti isizidi nusu volti. Katika pikapu ile, alteneta ilitoa 14.3 na betri ikapokea 12.7 tu. Mali ilipotea njiani! Angalia ncha ya mita isiguse nati na bodi kwa pamoja.

Baada ya haya yote ndipo umshike alteneta. Hata hapo, mara nyingi kilichoisha ni kaboni, dayodi au regyuleta, na fundi mzuri anaweza kubadilisha hicho peke yake.

Na kama gari lachaji vizuri lakini asubuhi betri imelala? Tafuta mfereji uliobaki wazi usiku: taa ya ndani, redio, au dayodi inayovuja. Usipoukuta, na betri iliyojazwa inashuka hata ikiwa imefunguliwa nyaya, basi betri ndiyo mgonjwa. Nunua bila wasiwasi.

HATARI ZA KUEPUKA

Usikubali mtu achomoe waya wa betri injini ikiwaka ati anajaribu alteneta. Umeme hupanda ghafla na kuunguza dayodi na kompyuta ya gari.

Usilete moto wala sigara karibu na betri. Inapochaji hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja.

Wenye pikapu na matatu za dizeli, sikieni hili. Katika nyingi za gari hizo, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Belti ikikatika, hupotezi taa tu. Breki nazo huwa ngumu. Hebu fikiria uko na mzigo, unateremka kutoka Karatina kuelekea Sagana, na giza limeingia. Kwa hiyo tazama belti kabla ya kila safari.

Wale wanawali watano wa Mathayo 25 hawakukosa taa. Walikosa kutazama mafuta mapema.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu lilipimwa lini mara ya mwisho, na nani aliandika vipimo?

2. Anayetoa pesa za vipuri huonyeshwa nini kabla ya kulipa?

3. Mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali usiku wa leo, je, gari litawaka?