Kubahatisha Jibu: Alama Yapatikana, Elimu Je?



Katika mtihani wa kuchagua jibu, hata asiyejua huokota alama. Tuchukue mfano wa KCPE ya Kenya, iliyofanywa tangu 1985 hadi 2023. Hisabati ilikuwa na maswali 50, kila moja majibu manne. Anayebahatisha yote hutarajiwa kupata 12 au 13.

Watahini wana kanuni ya kusahihisha hilo. Tuseme Ali anajua maswali 26 na kubahatisha 24. Kwa wastani atapata 6, atakosa 18; jumla 32. Gawanya makosa 18 kwa 3, yaani idadi ya majibu ukitoa moja: ni 6. Punguza, zabaki 26, zile alizozijua. Swali lililoachwa wazi halikatwi.

Lakini kanuni hii huhesabu kila kosa kuwa la kubahatisha tupu. Fiqhi hutofautisha shaka na dhana yenye nguvu: asiyejua kibla kiko wapi hutafuta dalili, kisha huswali. Aliyeondoa majibu mawili kwa hoja amefanya kama huyo.

Basi soma maelekezo kwanza. Makosa yasipokatwa alama, usiache swali wazi. Yakikatwa, jibu pale ulipoweza kuondoa jibu moja au zaidi.

Ukitoka, kasome yale uliyobahatisha. Imepokewa kuwa Imam Malik aliulizwa maswali 48, na 32 akajibu: sijui. Atakayekuuliza dini yake kesho hatakuletea majibu manne ya kuchagua.