SOMO LA 14: UPEPO UMEPITA, ANDIKA HASARA

Konde iko katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Watu wa Konde wanaijua mvua ya masika. Huanza Machi, huendelea mpaka Mei. Mara nyingine huja pamoja na upepo mkali. Mabati hung'oka. Makuti hupeperuka. Migomba huanguka, na mihogo huoza majini.

Upepo mkubwa si jambo geni katika visiwa vyetu. Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu mingi sana. Pemba ilisalimika. Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, upande wa Mafia. Basi tusiseme, "Kwetu hayafiki."

Nani husaidia?

Jirani humsaidia jirani. Huo ni mwendo wetu tangu zamani. Lakini hasara ikiwa kubwa, jirani naye hana kitu. Hapo tunaiomba Serikali. Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kamisheni haiuoni mlango wako. Inaona taarifa inayotoka kwa sheha kwenda wilayani. Jina lako lisipokuwemo, ni kama hukupata hasara.

Tuchukue mfano. Nyumba mbili ni jirani. Upepo umeziezua zote mbili. Mwenye nyumba ya kwanza alihesabu mabati yake, akaenda kwa sheha asubuhi ile ile. Wa pili alisema, "Sheha atapita mwenyewe." Akafagia, akachoma miti iliyovunjika, akakopa fedha na kuezeka upya. Wakaguzi walifika siku ya nne. Kwake hawakuona kitu cha kuandika. Hasara ilikuwa ya watu wawili, iliyoandikwa ni ya mtu mmoja. Deni likabaki kwa yule wa pili.

Fanya hivi

1. Okoa watu kwanza. Usiguse waya wa umeme ulioanguka. Maji ya kunywa yachemshe.

2. Mwambie sheha siku hiyo hiyo. Usingoje apite.

3. Hesabu kabla ya kusafisha. Akiwepo mwenye simu ya kupiga picha, apige.

4. Andika kweli. Mabati 12 yasiwe 30. Uwongo wa mtu mmoja huitia shaka orodha ya shehia nzima.

5. Andika nakala mbili. Moja mpe sheha. Ya pili weka, naye aitie saini na tarehe.

6. Jirani hajui kuandika? Mwandikie. Msomee aliyoyasema, kisha atie dole gumba.

Mfano wa barua

Konde,
Tarehe ..................

Kwa Sheha,
Shehia ya ..................

KUH: HASARA YA UPEPO NA MVUA

Mimi .................. ninaishi hapa na watu 7. Watoto ni 4. Usiku wa tarehe .................. upepo uliezua nyumba yangu. Hasara niliyopata ni hii:

Mabati 12 yameharibika.
Ukuta mmoja wa udongo umeanguka.
Mpunga gunia 1 umerowa.
Migomba 15 imeanguka.

Sasa tunalala kwa jirani. Naomba uje uone, na taarifa hii uifikishe wilayani.

Wako mtiifu,
..................

Barua si fedha mkononi. Msaada huenda ukawa chakula, magodoro au mabati. Huenda ukachelewa, na huenda usitoshe. Lakini aliyeandika ana la kuulizia. Atasema, "Nakala yangu hii, ina saini na tarehe. Taarifa yangu imefika wapi?" Asiyeandika atauliza kwa lipi?

Maneno ya kujifunza

maafa: balaa kubwa linalopata watu wengi
kuezua: kuondoa paa la nyumba
nakala: karatasi ya pili yenye maneno yale yale
wakaguzi: watu wanaokuja kutazama na kuhakikisha

Maswali

1. Kwa nini wakaguzi hawakuandika hasara ya jirani wa pili?
2. Nakala ya pili ina faida gani?
3. Kuna ubaya gani kuzidisha hesabu?

Kazi ya nyumbani

Usingoje upepo. Leo, jua likiwaka, hesabu mabati, milango, magunia na mifugo yako. Andika katika daftari. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uliweke mahali pasipovuja.