Vihisi vya Shambani na Msimamizi Wake

Mkulima anayenyweshea mimea yake ajua hasara ya kubahatisha. Maji yakizidi, mizizi huoza. Yakipungua, maua hupukutika. Kwa hiyo wakulima wengine siku hizi hufukia vihisi, yaani vyombo vidogo vya kupima unyevu wa udongo. Kila kihisi hupeleka habari zake kwa redio hadi kwa mwenzake, mpaka zifike nyumbani.

Ndani ya kihisi mna kompyuta ndogo sana. Kile kiitwacho TelosB kina kumbukumbu ya kilobaiti 10 tu, nacho hutumia mawe mawili madogo ya betri. Hakiwezi kubeba mfumo endeshi wa kompyuta ya ofisini. Mfumo endeshi ni kama msimamizi wa shamba: huamua kazi ipi itangulie na ipi ingoje. Ndipo wataalamu wakatunga mifumo midogo, kama TinyOS ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Contiki ya Adam Dunkels wa Uswidi.

TinyOS hupanga kazi katika foleni. Kazi ikianza humalizwa kabla ya nyingine kushikwa, isipokuwa jambo la haraka, kama habari inayoingia kwa redio. Kazi zikiisha, chombo hulala.

Usingizi huo ndio faida yenyewe. Redio ya TelosB ikisikiliza hula milliampea 20 hivi, hata kama hakuna anayesema. Mawe yenye milliampea-saa 2,000 yatakwisha kwa saa 100, yaani siku nne na kidogo. Lakini redio ikiamka sekunde moja katika kila 100, mawe hayo yaweza kuipatia zaidi ya mwaka, kama hatukuhesabu kazi nyinginezo.

Kabla ya kununua, uliza haya:

1. Redio huamka mara ngapi? Udongo haukauki kwa sekunde. Kupima kila dakika 15 kwatosha.

2. Kihisi kimoja kikifa, vingine vyaweza kutafuta njia nyingine ya kupeleka habari?

3. Programu yaweza kubadilishwa kwa redio, bila kufukua vyombo?

Muuzaji asiyeweza kujibu, usimpe fedha zako. Kihisi kisicholala kitakufa upesi, nawe utakuta kimenyamaza wakati wa kiangazi, mimea ikinyauka.