Dondoo muhimu: Kabla ya kujenga kwenye mteremko

Viwanja vya vilimani kama Goba na Kimara, Dar es Salaam, vina upepo mzuri, ila msingi wake hula fedha. Yapange haya kabla ya kununua tofali la kwanza.

1. Nenda kiwanjani masika, mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi.

2. Pima mteremko kwa mpira wa maji. Ncha mbili za eneo la nyumba zikitofautiana kimo kwa mita 2, jua msingi wa upande wa chini utapanda mita 2 hivi.

3. Usichukue ramani ya nyumba ya tambarare ukailazimisha kilimani. Mpe mchoraji vipimo kwanza.

4. Usisimamishe msingi juu ya kifusi, hata kikishindiliwa mbele yako. Chimba mpaka udongo asilia. Nyufa nyingi huanzia kwenye kifusi.

5. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya maji, na kokoto nyuma yake. Usipokuwa nayo, maji hujikusanya, ukuta huvimba tumbo, kisha huanguka, pengine juu ya watoto wanaocheza. Ukizidi mita moja hivi, mwite mhandisi, tafadhali.

6. Shimo la choo likae upande wa chini, mahali gari la kunyonya litafika.

7. Maji ya paa yaelekeze kwenye mtaro, si kwa jirani wa chini.

8. Chumba cha bibi, jiko na choo kimoja viwe usawa mmoja na mlango mkubwa, asilazimike kupanda ngazi.